Tiketi ya Bibi na Rimoti Yangu

Leo naanza kwa kukiri kosa, mnisitiri.

Wiki tatu zilizopita, saa kumi kasoro za mchana, nilikuwa nimekaa ukumbini kwangu peke yangu. Chakula kilikuwa tayari, nguo zimeanuliwa, watoto wako chuoni, na mimi nina glasi ya juisi ya ukwaju na tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Mara nikasikia geti linafunguliwa na sauti ya mama mkwe, "Hodi hapa!" Wallahi sikufikiri. Mkono wenyewe ulikwenda kwenye rimoti, nikazima, nikachukua mchele nikaanza kuuchagua, mchele ambao nilikuwa nimeshauchagua asubuhi.

Nina miaka arubaini na moja. Televisheni nimenunua kwa pesa zangu. Hakuna sala iliyonipita. Basi nilikuwa namkimbia nani?

Jioni nilimhadithia bibi yangu, mzaa mama, anayekaa na sisi. Nilidhani atanipa nasaha. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akasema, "Mimi tiketi nilikuwa naificha ndani ya msahafu wa marehemu baba yako mdogo. Huko hapekui mtu." Kisha akastaghfiru, lakini alikuwa bado anacheka.

Tokea siku hiyo nimekuwa nikimwuliza maswali, na nikisoma huku na kule. Nimegundua kwamba mchele wangu wa uongo una historia ndefu, na ningependa tuipitie pamoja.

Tuanze kabla ya skrini. Wanawake wa visiwa hivi hawakungoja umeme ili wapate burudani ya hadithi. Paukwa, pakawa: usiku, baada ya kazi, bibi anasimulia na watoto wanaitikia. Askofu Edward Steere alipochapisha London mwaka 1870 mkusanyo wake wa hadithi za Unguja, alikuta tayari hazina iliyojaa masultani, majini, paa wanaosema na wake wenye hila. Humo mna hadithi ya Sultani Darai, ambayo kwa mabadiliko ya bahati, vitimbi na usaliti haina tofauti kubwa na yale ninayoyatazama mimi saa kumi. Mashoga zangu wanaosema tamthilia zimeletwa juzi kutuharibu wangeisoma kwanza hiyo.

Lakini palepale, pembeni ya hadithi, kulikuwa na sauti nyingine inayomchunga mwanamke na wakati wake. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, katika utenzi aliomtungia bintiye karibu mwaka 1858, alimwusia mambo ya dini, ya adabu na ya mume, na alimwonya pia juu ya kukaa na watu wa upuuzi. Utenzi huo tumelelewa nao. Mimi naupenda, na sisemi kwamba alikosea. Ninachosema ni kwamba kipimo cha mwanamke mwema, kwa muda mrefu sana, kimekuwa ni kutokuonekana amekaa bure.

Kisha ikaja kalamu. Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927. Moja kati ya hofu zilizotajwa sana enzi hizo, hapa na pwani yote, ilikuwa kwamba mtoto wa kike akijua kuandika ataandika barua za mapenzi. Hebu fikirieni: katika mambo yote ambayo msichana angeweza kuyafanya kwa kalamu, kuandika wasia, kuweka hesabu za duka, kumwandikia kaka aliye safarini, lililowakosesha watu usingizi ni hilo moja. Kwa upande mwingine walikuwepo wanazuoni waliotetea elimu ya wanawake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu kuwasomesha mabinti zao, na wakati huohuo alikemea ngoma na ubadhirifu wa sherehe. Elimu, ndiyo. Starehe, la. Mstari huo umechorwa tokea zamani, na nadhani wengi wetu bado tunaishi juu yake: kitabu cha manufaa unakiweka mezani, kitabu cha raha unakiweka chini ya mto.

Kusoma lakini hakuna geti. Ukishajua kusoma barua, utasoma na mengine. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na hadithi ndani yake. Miaka ya 1920 ilileta kwa Kiswahili Alfu Lela Ulela na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Alfu Lela Ulela! Kitabu ambacho shujaa wake ni mwanamke anayebaki hai kwa sababu anajua kukatiza hadithi pahala patamu. Shahrazadi ndiye aliyetufundisha kusema "itaendelea", na watengenezaji wote wa tamthilia wanakula kwa mgongo wake.

Sasa tufike kwa bibi na tiketi yake.

Senema iliingia Unguja mapema. Royal Cinema ilifunguliwa Vuga mwaka 1921, jengo la fahari. Baadaye iliteketea kwa moto, na miaka ya 1950 pahala pake ikasimama Majestic. Bibi yangu, aliyeolewa akiwa na miaka kumi na sita, aliikuta Majestic ikiwa mpya, na mbali na hiyo kulikuwa na Empire na Sultana. Mji mdogo huu, majumba matatu ya senema! Jumapili, anasema, watu walivaa kama Sikukuu. Walanguzi walinunua tiketi mapema na kuziuza mlangoni kwa bei ya juu, na watu walizinunua huku wakiwatukana.

Mwanamke wa nyumba yenye heshima hakuweza tu kuinuka akaenda kukaa gizani na wanaume asiowajua. Dawa yake ilikuwa maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyoitwa zenana. Yalikuwepo hapa, yalikuwepo Mombasa na miji mingine ya pwani, na yalijaa. Bibi anayaelezea mpaka unasikia harufu: mabuibui meusi kutoka mlangoni mpaka barabarani, ndani mabuibui yanavuliwa na kila mtu anaonesha gauni lake, udi, viluwiluwi vya watoto wanaolia, mifuko ya njugu na kashata. Mabwana waliotoa ruhusa waliitoa kwa sababu ni wanawake watupu. Mabwana ambao hawakutoa ruhusa, bibi anasema, "waliambiwa tunakwenda kumpa pole mgonjwa." Nikamwuliza babu alikuwa katika kundi gani. Akanyamaza kidogo, akasema mwaka ule wagonjwa walikuwa wengi.

Filamu zilizopendwa zilikuwa za Kihindi, na za Kimisri pia, kwa ajili ya nyimbo za Umm Kulthum na Farid al-Atrash. Awara ya Raj Kapoor na Nargis, ya mwaka 1951, bibi anaweza kuisimulia mpaka leo bila kuruka, ingawa Kihindi hakijui. Hakuna aliyewatafsiria kwa maandishi ya Kiswahili. Aliyekuwa na jirani Muhindi alijua maneno mawili matatu, akawanong'oneza wa kushoto na kulia, nao wakawapitishia wengine, na mpaka habari ifike safu ya nyuma shujaa amekuwa mtu mwingine. Mother India ilipofika, baada ya 1957, na Nargis safari hii akiwa mama anayemwua mwanawe mwenyewe kwa ajili ya heshima ya msichana wa kijiji, wanawake walilia mpaka wakatoka na macho mekundu. "Tulirudi nyumbani tukaambiwa, huyo mgonjwa kafa?"

Nimekuwa nikiifikiria sana Mother India. Mwanamke aliyeachwa na mume, ana madeni, ana jembe, ana watoto, na hana wa kumsaidia. Ukumbi mzima wa wanawake waliolijua hilo kwa miili yao, wamekaa gizani wakalie kwa pamoja jambo ambalo kila mmoja nyumbani kwake hulilia peke yake jikoni. Kisha nyimbo zile za filamu zikaingia kwenye taarabu, zikatiwa maneno yetu, zikaimbwa harusini. Mtu akiniambia huo ulikuwa upotevu wa wakati, namwuliza: wakati wa nani?

Miaka hiyohiyo kisiwa hiki kilizaa hadithi zake nyepesi, na hapa najivunia. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alikuwa mtumishi wa Idara ya Afya kabla hajawa mhariri wa magazeti. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 hadi 1958 na ikachapishwa 1960. Ndani yake tulimpata Bwana Msa na kiko chake, mtu anayekaa, anavuta, anafikiri, na mwisho anafumbua kila fumbo, huku rafiki yake Najum akiwa nyuma hatua mbili kama sisi wasomaji. Watu husema ni Sherlock Holmes aliyevikwa nguo za Unguja. Huenda, lakini soma mazungumzo yake uone. Yule ni mtu wa baraza za kwetu, anajua kabila za watu, mirathi, fitina za ndoa na nani alikuwa mtoto wa nani. Baadaye zikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mwana wa Yungi Hulewa na Kosa la Bwana Msa.

Leo vitabu hivyo viko kwenye mitaala na madarasa ya vyuo vikuu, vinaandikiwa tasnifu. Bibi alivisoma chooni. Chooni hasa! Kwa sababu chumba hicho pekee ndicho kilichokuwa na komeo upande wa ndani. Ninalo nakala lake moja la Kisima cha Giningi, kurasa zake zimevimba kwa maji. Mtoto wake wa pili akalisoma darasani kwa amri ya mwalimu miaka kadhaa baadaye na akapewa alama. Kitabu ni kilekile. Kilichobadilika ni nani aliyetoa ruhusa.

Haya, televisheni. Vijana wa leo hawaamini nikiwaambia kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwaka 1973, ya mwanzo katika Afrika kusini mwa Sahara, wakati nchi nyingi zenye utajiri zaidi zilikuwa bado zinatazama nyeusi na nyeupe. Na Bara? Bara hawakuwa na televisheni kabisa. Serikali kule iliiona ni anasa, kitu cha matajiri wachache katika nchi ya wakulima, na ikasubiriwa mpaka 1994 ndipo vituo vya mwanzo, vya binafsi, vikaanza kurusha matangazo. Miaka ishirini na zaidi sisi tuliwatangulia. Nikiwa na marafiki wa Bara hilo huwa nalisema kila nikipata nafasi, na mara nyingine nisipopata.

Nisiifanye pia kama pepo. Miaka ile chakula kilikuwa cha foleni, sabuni ya foleni, na kituo kilikuwa cha serikali, kikionesha kile ambacho serikali ilitaka kionekane. Nyumba zenye seti zilikuwa chache. Mama anasema kwa jirani yao mwenye televisheni watoto walikaa sakafuni, wanawake nyuma yao kwenye mkeka, na wasiopata nafasi walisimama dirishani. Mwenye nyumba alikuwa mkali, anaizima akikasirika. Kwa hiyo wote walimwogopa, wakamchotea maji na kumpelekea chakula. Mama alijifunza siasa pale.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, wakati wa Mzee Mwinyi, video zikaja kutoka Dubai na senema zikaanza kufa moja baada ya moja. Sitazungumza sana juu ya miaka hiyo, isipokuwa kusema kwamba hapo starehe ya wanawake ilirudi ndani. Zenana ilikuwa na mlango, safu, saa maalumu na mamia ya mashahidi. Kanda ya video ilikuwa na ukumbi wa nyumba na mapazia yaliyofungwa. Tulipata uhuru wa kuchagua, tukapoteza umati. Nadhani aibu inapenda chumba cha mtu mmoja. Ukiwa na wenzio mia tatu mnalia pamoja, nani atakuonea haya?

Mimi ni wa kizazi cha Isidingo, iliyooneshwa na ITV. Mgodi wa dhahabu wa Afrika Kusini ulijulikana mtaani kwetu kuliko Wete. Kisha Azam TV ilipoanza, mwishoni mwa 2013, na baada ya muda ikatuletea Sultan kwa Kiswahili, basi ndiyo ikawa shughuli. Mfalme Suleiman, Hurrem, yale mavazi, ile sumu! Nilijua misikiti mitatu ambayo wanawake wake walimjadili Hurrem kwenye ngazi baada ya darsa.

Ningependa mjue kwamba tamthilia hiyo ilizua ugomvi kwao kuliko kwetu. Ilipoanza Uturuki mwaka 2011, malalamiko zaidi ya elfu sabini yalifikishwa kwenye mamlaka ya utangazaji. Mwaliofuata, Erdoğan, wakati huo Waziri Mkuu, aliilaumu hadharani kwamba mfalme aliyetumia miaka thelathini juu ya farasi anaoneshwa kama mtu wa ndani ya kasri. Mwandishi wake mkuu alikuwa mwanamke, Meral Okay, aliyefariki mwaka 2012 kabla hadithi haijaisha. Angalieni lililomo ndani ya lawama ile. Historia ya kweli ni farasi na vita. Nyumba, wake, akina mama, watoto wanaogombea kurithi, hayo ni umbea. Lakini waliorithi ufalme walizaliwa ndani ya nyumba hiyo, na mama zao walijua hesabu hiyo vizuri kuliko majenerali.

Hapa ndipo inaponiuma. Nendeni Mji Mkongwe, pale kwenye makutano wanapokaa wanaume na kahawa, dhumna na televisheni. Panaitwa Jaws Corner, kwa jina la filamu ya papa ya mwaka 1975. Starehe ya wanaume ina anuani! Imeandikwa kwenye ramani za watalii. Mume wangu anatazama mpira dakika tisini, anaongeza dakika thelathini za kuubishania, na anaporudi nyumbani anasema amechoka. Hakuna mtu aliyewahi kumwona akichagua mchele asikiapo hodi. Bao linachezwa barazani tokea alasiri mpaka adhana ya magharibi, na tunaliita utamaduni.

Mimi si mwanazuoni, na mipaka ipo. Yapo mambo kwenye skrini ambayo hayafai kutazamwa na mwanamume wala mwanamke, na kipindi kinachokula sala si starehe tena. Hilo nalisema kwanza kwa nafsi yangu, maana Ramadhani moja nilichelewa tarawehe kwa sababu ya sehemu ya mwisho ya kitu ambacho hata jina lake nimelisahau. Lakini tunajua sote kwa Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyetazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki siku ya Idi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsitiri na kumsubiri mpaka yeye mwenyewe alipotosheka. Hakuharakishwa. Kila nikiisoma hadithi hiyo, ule utulivu wa kusubiri ndio unaonigusa.

Sikuyaandika haya kwa ajili ya mama mkwe tu. Mwezi uliopita nilimkuta binti yangu, miaka kumi na minne, yuko chooni na simu, anasoma simulizi za mapenzi zinazotumwa vipande vipande kwenye magrupu. Nilimnyang'anya. Nilisema maneno ambayo niliyajua yote kwa moyo, kwa sababu nimeambiwa mimi, na mama yangu aliambiwa, na labda mama wa bibi aliambiwa juu ya zile barua. Baadhi ya simulizi zile kwa kweli ni uchafu na sijutii kuzifuta. Nyingine mbili nilizisoma mimi mwenyewe usiku, na ya pili sikulala mpaka nilipoimaliza.

Simu bado iko kabatini kwangu. Nimempa Kisima cha Giningi, lile lililovimba kwa maji, na nimemwambia alisomee ukumbini, kwenye kochi, mbele ya watu. Siku mbili za mwanzo alinuna. Juzi bibi alimwuliza amefika wapi, na sasa wanabishana wawili hao kila baada ya isha, mmoja akitaka kujua mbele kuna nini na mwenzie akikataa kumwambia. Mama mkwe alikuja jana, akawakuta katikati ya ubishi. Akavua viatu, akakaa, akauliza, "Huyo Bwana Msa ndiye yule wa kiko?"

Televisheni ilikuwa inawaka. Sikuizima.